Ramani ya mji inabadilishwa namna gani? Sheria, saini na haki za mwenye kiwanja

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, watu wengi wanaijua ramani ya mji siku ile msalaba mwekundu unachorwa kwenye ukuta wao. Watu wa idara wanapita asubuhi na kopo la rangi, wanaandika « à démolir », wanaendelea kwa jirani. Mwenye nyumba anatoka mbio na karatasi mkononi: karatasi ya kuuziana, karatasi ya chef wa avenue, pengine na fiche parcellaire ya komini. Anaambiwa kama kwenye ramani, pale alipojenga ni barabara, ao ni kando ya mto, ao ni uwanja wa shule. Ramani yenyewe hajawahi kuiona hata siku moja. Wakati mwingine hata yule aliyeshika kopo la rangi hajaiona.

Ramani hiyo inatoka wapi? Nani ana haki ya kuibadilisha? Na mkaaji anaingia wapi katika kazi hiyo? Majibu yako ndani ya sheria, na ni vizuri kuyajua mbele ya rangi kufika ukutani.

Ramani ni nyingi, na hazina nguvu sawa

Neno « ramani » linachanganya watu, juu katika ofisi za serkali kuna ramani za aina tatu, na kila moja iko na kazi yake.

Ya kwanza ni plan d'aménagement, yaani plani ya kupanga mji. Hiyo ndiyo inasema upande huu ni wa makao, ule wa viwanda, ule wa soko na maofisi, na ule mwingine haujengwi kabisa. Inatembea pamoja na maandishi ya kanuni: upana wa barabara, urefu wa nyumba, umbali kutoka mtoni ao ziwani. Sheria inatambua plani ya jumla kwa mji mzima (plan général) na plani ya kipande kimoja cha mji (plan particulier).

Ya pili ni plan de lotissement. Hiyo inachukua upande mmoja uliokwisha kupewa kazi na kuukata viwanja, kuvipa namba na kuacha njia kati yao.

Ya tatu ni ile ya kadastre. Inahusu kiwanja kimoja: mipaka yake, vipimo vyake, na mawe ya mpaka (bornes). Croquis ambayo watu wengi wanaitunza kwenye valizi iko katika kundi hili.

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu anaonyesha croquis na kusema, « Niko na ramani, serkali inanijua. » Lakini croquis inasema tu kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Haisemi kama pale panaruhusiwa kujenga nyumba ya kulala. Jibu la swali hilo liko kwenye plani ya kupanga mji, katika ofisi ya Urbanisme.

Sheria zinazotumika

Sheria mama ya kupanga miji ni dekreti ya tarehe 20 juni 1957. Ilisainiwa wakati Wabelgiji wangali wanatawala, na miji ya wakati huo ilikuwa midogo sana ukilinganisha na ya leo. Ilipoandikwa, hakuna aliyefikiri milima ya Bukavu itajaa nyumba mpaka kwenye mabonde, wala Goma kupanda kuelekea volkano.

Kisha kuna sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 julai 1973, iliyorekebishwa tarehe 18 julai 1980. Kipengele chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya serkali peke yake. Mtu binafsi anapewa haki ya kuutumia, yaani concession, na haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement. Sheria hiyo inagawa ardhi kuwa ya mji na ya kijijini, na inataja matumizi yake: makao, viwanda, kilimo na ufugaji.

Katiba ya tarehe 18 februari 2006 inaongeza mambo mawili makubwa. Kipengele cha 203 kinaweka haki za ardhi na upangaji wa inchi kati ya mambo ambayo Kinshasa na majimbo wanashirikiana. Kipengele cha 204 kinapatia majimbo kazi ya kutoa na kutunza hati za ardhi, kwa kufuata sheria za inchi nzima. Ndio maana gavana, waziri wa jimbo na waziri wa Kinshasa wote wanaweza kuonekana kwenye faili moja. Kuhusu mji wenyewe, sheria ya tarehe 7 oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na chefferies inaweka baraza la mji lenye kuchaguliwa na meya. Lakini kwa miaka mingi mabaraza hayo hayakuwekwa, na mameya waliteuliwa kutoka juu. Kwa hiyo sauti ambayo sheria iliwapatia wachaguliwa wa mji ilibaki kwenye karatasi.

Mageuzi yanazungumzwa tangu zamani. Mwaka wa 2013 serkali iliunda tume ya mageuzi ya ardhi, CONAREF, na mwaka wa 2022 ikapitisha siasa mpya ya ardhi ya inchi. Mwenye faili mkononi afanye vizuri kuuliza idara, siku anapoenda, ni maandishi gani yanatumika kwa faili yake.

Hatua za kubadilisha plani

Plani ya mji haifi kwa sababu imezeeka. Inabaki na nguvu mpaka ingine ichukue nafasi yake kwa njia ya sheria. Na kanuni ya utawala ni hii: kile kilichofanywa kwa saini ya mkubwa fulani, kwa kufuata njia fulani, kinabadilishwa kwa saini ya ngazi ileile na kwa njia ileile. Chef wa quartier hawezi kubadilisha plani. Mpimaji wa kadastre hawezi. Meya peke yake, kwa barua tu, hawezi.

Kwanza unakuja uamuzi wa kuanza. Wakubwa wenye haki wanatangaza kama mji fulani, ao sehemu yake, utapangwa upya. Tangazo hilo ni la maana kwa sababu linajulisha watu mapema: anayetaka kununua ao kujenga anajua mahali hapo pako kwenye uchunguzi.

Pili ni kupima na kuhesabu. Mafundi wa Urbanisme na wa kadastre wanashuka chini kuangalia mji ulivyo kweli, si ulivyo kwenye karatasi ya zamani. Wanaangalia nyumba ziko wapi, njia gani zimezibwa, maji yanapita wapi, mabomba ya Regideso na nyaya za Snel ziko wapi. Kwa Goma kazi hiyo haiwezi kukamilika bila watu wa Observatoire volcanologique, juu wao ndio wanaofuata hali ya Nyiragongo na Nyamulagira.

Tatu ni rasimu. Inakuwa na ramani pamoja na maandishi ya kanuni. Rangi za ramani bila kanuni hazisaidii kitu, kwa sababu kanuni ndizo zinasema katika rangi ile mtu anaweza kufanya nini.

Nne ni enquête publique, yaani kuwauliza wananchi. Rasimu inawekwa wazi mahali ambapo watu wanaweza kufika na kuiangalia, kila mwenye neno analiandika, na maandishi hayo yanaingia kwenye faili. Hii ndiyo hatua ambayo mkaaji wa kawaida ana mlango wake mwenyewe, na ndiyo hatua inayopita kimyakimya kuliko zote. Tangazo likibandikwa kwa Kifaransa kwenye mlango wa ofisi moja tu, mama anayeuza soko hatalisoma. Mlango unafungwa bila mtu kujua kama ulikuwa wazi.

Tano ni maoni ya idara na ya wakubwa wa mahali. Wanasoma yale wananchi walioandika, wanasema yapi yanakubaliwa na yapi hayakubaliwi, na rasimu inasahihishwa.

Sita ni saini na kutangaza. Plani inapata nguvu ya sheria ikikubaliwa kwa amri ya mwenye haki, na ikitangazwa. Mbele ya hapo ni kazi ya mafundi tu. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu miji mingi imechorewa plani nzuri na maofisi ya mafundi, kwa pesa za miradi, na plani hizo zikalala kwenye kabati bila saini. Ramani isiyosainiwa haiwezi kumbomolea mtu nyumba, na haiwezi kumpatia mtu kiwanja.

Uwanja wa shule hauuzwi hivihivi

Mabadiliko yanayoumiza watu sana mara nyingi hayapitii kwenye plani nzima. Yanapitia kwenye kiwanja kimoja: kipande cha uwanja wa shule, pembe ya soko, makaburi ya zamani, kando ya barabara. Siku moja mabati yanazungushwa, na wiki inayofuata matofali yanashushwa.

Sheria ya 1973 iko wazi hapo. Ardhi yote iliyowekwa kwa kazi ya watu wote ni domaine public. Kipengele cha 55 kinasema ardhi hiyo haiwezi kupewa mtu, mpaka iondolewe kwanza katika kazi hiyo kwa njia inayofaa. Kitendo hicho cha kuondoa kinaitwa désaffectation.

Désaffectation haifanywi kwa mdomo. Inatakiwa amri iliyoandikwa, yenye namba, tarehe na saini ya mkubwa mwenye haki. Kama uwanja uliwekwa kuwa wa shule kwa amri ya waziri, barua ya ofisi ya chini haitoshi kuuondoa. Na hata certificat ikiwa imetolewa juu yake, shaka inabaki: kipengele cha 204 cha sheria hiyohiyo kinasema mkataba wa concession uliofanywa kinyume na sheria ni bure, na wanaohusika wanaweza kuomba mahakama itamke hivyo.

Kwa hiyo wazazi wa shule ao wauzaji wa soko wakiona mabati yanazungushwa, swali la kwanza la kupeleka ofisini ni fupi: « Amri ya désaffectation iko wapi, na ni namba gani? »

Nyumba yako ikikutwa ndani ya zone mpya

Tuseme plani mpya imesainiwa, na barabara iliyochorwa inapita juu ya nyumba ya mtu mwenye certificat. Je, haki yake imekwisha? Hapana. Plani peke yake haimnyang'anyi mtu hati yake. Inaweza kumzuia kuongeza nyumba ao kubadilisha kazi ya kiwanja, lakini serkali ikitaka kukichukua kiwanja inapaswa kufuata njia ingine: expropriation kwa faida ya watu wote.

Kipengele cha 34 cha Katiba kinataka malipo ya haki, yatolewe mbele. Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 februari 1977 inaeleza namna. Uamuzi unatangazwa katika Journal officiel, na mwenye mali anajulishwa kwa barua, ambayo anasainia kwamba ameipokea. Tangu hapo iko na mwezi 1 wa kuleta malalamiko na maoni yake. Wasiposikilizana juu ya bei, mahakama inaamua. Na malipo yasipotolewa ndani ya miezi 4 tangu hukumu iliyoweka bei, mwenye mali anaweza kuomba expropriation ifutwe.

Mambo ni magumu zaidi kwa yule asiye na hati, ao aliyejenga mahali palipokatazwa tangu zamani. Sheria haimuoni kama mwenye kiwanja. Lakini mara nyingi alikuwa na karatasi zenye mihuri, alilipa kodi kila mwaka, na serkali ilipokea franka zake bila kumwambia kitu. Ndiyo maana ubomozi unaamsha hasira kubwa: idara moja inabomoa kile idara ingine ilikipigia muhuri. Mtu huyo anaweza kumshtaki aliyemuuzia ili arudishiwe pesa, na anapaswa kudai apewe onyo lililoandikwa na muda wa kuondoka. Onyo la rangi ukutani peke yake halielezi ni amri gani inatumika.

Lava, mabonde na mito

Mashariki, ramani ya zone si jambo la uzuri wa mji tu. Tarehe 17 januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, ikafunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walirudi na kujenga juu ya yale mawe meusi, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Tarehe 22 mei 2021 lava ilishuka tena na kusimama Buhene, kwenye mpaka wa mji. Huko Uvira, mwezi wa aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba na watu. Bukavu nayo iko na milima inayoteleza wakati wa mvua, na huko Kadutu moto ukiwaka, gari la zimamoto linakosa pa kupita kati ya nyumba.

Katika kila mfano, plani iliyo wazi na inayojulikana ingesema mapema: hapa maji yanapita, hapa pana hatari, hapa njia ibaki wazi. Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Familia zilizokimbia vita na kuingia mjini zinatafuta kiwanja cha bei ya chini, na kiwanja cha bei ya chini kiko palepale plani inapokataza. Plani isiyoonyesha mahali maskini anaweza kujenga kwa haki itavunjwa tu, hata kama imesainiwa vizuri.

Pale mji unapokutana na chefferie

Shida ingine iko pembeni mwa mji. Goma inapanuka kuelekea chefferie ya Bukumu, Bukavu kuelekea Kabare. Upande mmoja wa njia mtu anaambiwa aende komini, upande wa pili anaambiwa aende kwa mwami. Wako waliolipa pande zote mbili.

Mipaka ya mji inawekwa kwa dekreti. Plani ya mji haiwezi kusukuma mpaka huo, na nyumba kuwa nyingi hakugeuzi shamba la chefferie kuwa quartier. Lakini ardhi ya chefferie nayo haina ulinzi wa kutosha. Sheria ya 1973, vipengele vya 387 mpaka 389, iligeuza ardhi za jamaa za vijijini kuwa za serkali, na kuahidi amri ya rais itakayopanga haki zao. Amri hiyo haikutoka. Katika pengo hilo ndimo biashara ya viwanja vya pembeni mwa mji inapofanyika.

Mbele ya kutoa pesa

Anayetaka kununua kiwanja apige hodi kwenye milango mitatu. Urbanisme: aulize pale pana kazi gani kwenye plani, na kama kuna barabara iliyochorwa. Kadastre: aulize kama kiwanja kimepimwa, na kama namba yake inalingana na mipaka iliyopo chini. Conservateur wa titres immobiliers: aulize certificat iko kwa jina la nani, na kama kuna deni ao kesi juu yake. Majibu yaombwe kwa maandishi. Saini ya chef wa avenue inasaidia kushuhudia kwamba watu wameuziana, haisemi zaidi ya hapo.

Kisha, mbele ya kuweka jiwe la kwanza, inahitajika ruhusa ya kujenga, permis de construire. Kanuni zake zimo katika amri ya waziri ya tarehe 26 juni 2013. Ruhusa hiyo ndiyo inaonyesha kwamba mtu wa idara ameilinganisha nyumba na plani.

Pa kulalamika

Amri ya kukubali plani, ao ya désaffectation, inaweza kushambuliwa. Kwanza malalamiko yanaandikwa kwa mkubwa mwenyewe aliyesaini, akiombwa aifute ao airekebishe. Sheria ya tarehe 15 oktoba 2016 juu ya mahakama za utawala imeweka muda wa miezi 3 tangu amri itangazwe ao mtu ajulishwe. Akikataa ao akinyamaza, faili inaenda mahakamani: amri za wakubwa wa jimbo kwenye cour administrative d'appel, za wakubwa wa Kinshasa kwenye Conseil d'État.

Muda huo unapita haraka, na wengi wanaumaliza wakizunguka kwa wakubwa kuomba huruma kwa mdomo. Barua ya kurasa mbili, iliyosainiwa na wakaaji wote wa avenue, ikiambatana na kopi za hati, inafungua mlango ambao maneno ya mdomo hayaufungui. Anayeipeleka asiondoke ofisini bila kopi yake kupigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Tarehe hiyo ndiyo mahakama itakayoanza nayo kuhesabu.